Benchi la Wasiothibitishwa

Kwa niaba ya Kurugenzi ya Uhakiki wa Walipaji, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, nina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba ule ugonjwa sugu wa watu kununua vitu kwa kadi zao wenyewe bila uthibitisho sasa umekomeshwa. Umekomeshwa Mlandege, mjini Iringa, na mimi nilikuwepo ukikomeshwa. Naitwa Sedekia, Afisa Uhakiki Mwandamizi, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza lilikuwa njiani kabisa, mpaka Ijumaa ile nitakayoieleza.

Jamani, hali ya zamani ilikuwa ya kutisha. Mtu anaingia dukani, anachukua sukari, anachomeka kadi, anabonyeza namba ya siri, anaondoka na sukari. Basi! Nani alikuwa na uhakika kwamba aliyeondoka na ile sukari ndiye mwenye kadi? Hakuna. Alijua yeye mwenyewe tu, na yeye ndiye anayetaka sukari, kwa hiyo ushahidi wake una walakini. Bwana Mkurugenzi wetu aligundua pengo hilo kwenye semina, Mbeya, wakati wa chai. Inasemekana aliacha andazi lake nusu.

Bwana Mkurugenzi ana jina, bila shaka, kwa sababu kila mtu analo. Ila ofisini kwetu halitajwi. Si kwamba limekatazwa, hapana. Hakuna aliyewahi kujaribu tu.

Basi likazaliwa zoezi la Wewe Ndiye Wewe. Fulana zikachapishwa, kofia zikachapishwa, na uzinduzi ukafanyika Mbeya kwa kuwa ukumbi wenye viti vya kuzunguka uko kule. Majaribio yakapelekwa Mlandege kwa kuwa watu wa Iringa ni wapole, na watu wa Mbeya tunawajua wenyewe. Siku ya uzinduzi Bwana Mkurugenzi alizungumza kwa uchungu mkubwa, redio zote zikiwa hewani.

"Hakuna aliye juu ya uhakiki!" alisema. "Hata mimi, siku nikienda Mlandege kununua kiberiti, nihakikiwe kama mwananchi yeyote. Nikishindwa, nikae benchi!"

Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi. Mimi sikucheka. Nilitoa kalamu nikaandika, na wiki hiyohiyo yale maneno yakaingia kwenye kanuni, kwa sababu mkubwa hatanii. Mkubwa akifungua mdomo, hiyo ni sera. Saini akaiweka mwenyewe, bila kusoma, kama kawaida ya mtu mwenye kazi nyingi.

Ili majaribio yasichafuke, noti na sarafu zilipumzishwa Mlandege kwa muda wote wa zoezi. Malipo yote yakawa ya kadi. Makao makuu ya majaribio yakawa duka la Hamza Alawi, ambaye babu yake alikuja kutoka Kilwa na mzigo wa kanga akasahau kurudi. Hamza anauza kila kitu: mchele, mafuta, blanketi, ndoo, nguo za watoto. Ana ndevu za mviringo na tabia mbaya ya kumwamini kila mtu. Nilimfungia mashine yetu mpya mwenyewe, ile inayozungumza. Sauti yake ni ya dada mmoja mtulivu, anayeonekana ameshiba.

Utaratibu ni mwepesi mno. Unachomeka kadi. Unaweka namba ya siri. Kisha unapokea meseji yenye namba nyingine ya siri zaidi, ambayo maisha yake ni dakika moja. Hapa naomba wanaolalamika watulie. Ni kweli kwamba pale dukani mtandao haushiki. Lakini unashika vizuri sana juu ya jiwe kubwa nyuma ya soko, na kutoka kwenye jiwe mpaka dukani ni mbio ya kawaida kwa mtu mwenye nia. Wasio na nia walijipanga wenyewe. Mmoja alisimama na simu kule juu, mwenzake dukani, na namba ikaja kwa mdomo.

"Mama wa sketi ya njano! Tisa, saba, mbili, nne!"

"Nne au nane?"

"Nne! Nne ya miguu ya mbuzi!"

Mlandege nzima ikawa inajua namba ya siri ya kila mtu. Katika taarifa yangu ya Jumatatu niliita jambo hili ushirikishwaji wa jamii katika usalama, na usiku huohuo nikaongeza kwenye kanuni kwamba mwenye simu aende mwenyewe.

Baada ya meseji, mlipaji anataja kwa sauti majina yake matatu, kama yalivyo kwenye kadi. Mashine inasikiliza, inalinganisha, inaridhika. Ukishindwa mara tatu, kadi inafungwa, na wewe unakaa kwenye Benchi la Wasiothibitishwa, nje ya duka, hadi apatikane mdhamini. Mdhamini awe ndugu wa damu au wa ndoa, mtu mzima, aje mwenyewe, ayataje majina yako. Asiwe mtumishi wa Kurugenzi, maana hatutaki upendeleo. Mgambo anayelinda benchi ni kijana anaitwa Aroni, ambaye tangu apewe ile kofia hajacheka.

Wa kwanza kukaa alikuwa mama Frida, muuza mboga, Mhehe wa Kalenga, mwenye sauti inayosikika kabla yeye hajafika. Alikuwa na mafua, mashine ikasema sauti hailingani na mhusika.

"Hailingani kivipi? Si nina mafua!"

"Jina halijatambuliwa," mashine ikasema.

"Na wewe upone!" mama Frida akaijibu, akaenda kukaa. Alikaa na ungo wake wa maharage akawa anachambua. Wengine wakafuata: mzee mwenye meno mapya, binti mwenye kigugumizi, fundi cherehani aliyesahau jina la babu yake. Kila anayekuja anasalimia "kamwene", anasogezewa nafasi, anapewa maharage achambue. Kufika jioni benchi lilikuwa limejaa na watu waliothibitishwa walikuwa wanalikalia pia, kwa sababu eti habari zote ziko pale. Nilimwandikia Bwana Mkurugenzi kwamba mwitikio ni mkubwa kuliko matarajio.

Jumanne akaja mwalimu.

Anaitwa Alinanuswe, anafundisha shule ya msingi jirani na soko, mwanamke mpole, mtoto wa miezi saba mgongoni. Ni Mnyakyusa wa Rungwe aliyeolewa, mume wake Saulo anaendesha lori la mbao kule Mafinga. Alichagua mchele wa Mbarali, mafuta, na kisuti cheupe cha mtoto chenye vifungo vya dhahabu. Kilikuwa kimebaki kimoja.

"Jumapili Babu anabatizwa," alimwambia Hamza, na uso wake wote ukang'aa.

"Babu yako?"

"Huyu hapa mgongoni. Ndiye tunamwita Babu."

Namba ya siri ikapita. Meseji akaikimbilia mwenyewe juu ya jiwe, mtoto akirushwarushwa mgongoni anacheka, akarudi kabla dakika haijaisha. Nilikuwa tayari nimeanza kujivunia.

"Taja majina yako matatu," ikasema mashine.

"Alinanuswe Saulo..." Akanyamaza.

"Jina la tatu halijasikika."

"Alinanuswe Saulo... wa yule mzee."

"Jina halijatambuliwa."

Nikasogea, maana kazi yangu ni kusaidia wananchi. "Mwalimu, si limeandikwa hapo kwenye kadi? Soma tu. Asukile."

Alishtuka kama nimemtukana mbele ya watoto. "Naliona, kaka yangu. Kulitaja ndiyo siwezi. Ni jina la baba mkwe wangu."

Akanieleza, na nikamsikiliza kwa subira ya kiofisi. Kwao mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina, na wala hawaonani uso kwa uso. Akisikia mzee anapita njia hii, yeye anaingia shambani kwa watu mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe. Darasani kwake kuna mtoto mwenye jina hilohilo, na yeye anamwita Wewe wa Dirishani. Hata mwanawe mwenyewe amerithi jina la babu yake, kwa hiyo mama mtu anamwita Babu.

"Mwalimu," nikasema, "hayo ni mambo ya kimila. Mashine haina kabila."

"Mimi ninalo," akajibu.

Mara ya tatu alifumba macho, akavuta pumzi, tukadhani sasa analitoa. Alitoa "A". Kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na machozi yakamtoka. Kadi ikafungwa, na mshahara wake wote ukiwa ndani.

"Jamani, huyu mimi namjua!" Hamza akasema. "Anawafundisha wanangu. Mwalimu, chukua vitu nenda zako, utanilipa siku yoyote."

Ilibidi niingilie. Kumpa mtu bidhaa bila malipo ni malipo yasiyohakikiwa, na niliwasomea kifungu. Hamza alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akakunja kile kisuti, akakiweka kwenye rafu ya juu, akasema, "Hiki ni cha mwalimu. Kitamsubiri." Mwalimu akaenda benchi. Ndugu wa kumdhamini hakuwa naye Iringa nzima, na Saulo alikuwa msituni kusikopatikana simu, arudi Jumamosi.

Mama Frida ndiye aliyenifuata. "We afisa. Bosi wako anaitwa nani?"

"Bwana Mkurugenzi."

"Jina lake."

"Bwana Mkurugenzi, mama."

"Si nimekuuliza jina?"

Nikajikuta nimekohoa. Benchi zima lilikuwa linanitazama.

"Haya," akasema mama Frida, akarudia maharage yake. "Kumbe na wewe una mkwe."

Wakacheka, wakacheka mpaka ungo ukamwagika. Sikuona cha kuchekesha. Jumatano na Alhamisi mwalimu alikuja kila mapumziko, akakaa, akamnyonyesha Babu, akikitazama kisuti kule juu ya rafu, halafu kengele ikilia anarudi darasani kwa ruhusa ya Aroni. Nilimwandikia Bwana Mkurugenzi kwamba kuna mlipaji mmoja anakwamishwa na mila potofu. Alijibu kwa neno moja: "Asilegezewe."

Ijumaa asubuhi Bwana Mkurugenzi alikuja mwenyewe kuona matunda ya zoezi. Gari jeusi, dereva wake Zabron, waandishi wa habari watatu. Mwalimu alikuwa benchini. Lile gari kufunguliwa mlango tu, nikamwona anaruka, anavuta kanga kichwani, anaingia dukani na mtoto wake na kujitupa nyuma ya magunia ya mchele. Nilidhani ameiogopa serikali, na nakiri nilifarijika.

Bwana Mkurugenzi alipokea saluti ya Aroni, akapita mbele ya benchi bila kuwaona waliokalia, akaingia dukani, kamera nyuma yake.

"Leo nitawaonyesha jinsi ilivyo rahisi," akasema. Akazungusha macho kwenye rafu. "Nipe kile kisuti. Nina mjukuu anabatizwa Jumapili, hapahapa Iringa."

"Kile kina mwenyewe, mzee," Hamza akasema. "Ni cha mwalimu."

"Mwalimu amelipa?"

"Hajathibitishwa."

"Basi hana. Lete."

Nyuma ya magunia kukasikika mtoto akianza kulia, akatulizwa haraka. Hamza akakishusha kisuti taratibu, kama mtu anayeshusha picha ya ukutani. Bwana Mkurugenzi akachomeka kadi. Akasimama. Akageuka.

"Zabron! Namba yangu ya siri ni ngapi?"

"Mbili, mbili, mbili, mbili, mheshimiwa!" Zabron akaitikia kutoka kwenye gari. Waandishi wote watatu wakaandika.

Ikaja zamu ya meseji. Bwana Mkurugenzi akamnyooshea Zabron simu, lakini Aroni akaweka mkono katikati. "Mwenye simu mwenyewe, mzee. Kanuni."

Mimi nilitaka kumkonyeza Aroni. Ila kamera zilikuwa zimewashwa, na kanuni niliitunga mimi. Bwana Mkurugenzi akatabasamu tabasamu la kwenye mabango, akaenda. Ndugu zangu, sijawahi kuona mtu mwenye cheo kile akipanda jiwe lile na viatu vile. Tai ilikuwa inampiga usoni. Mara mbili alishuka kwa makalio. Meseji ikaingia, akageuka, na hapo soko zima likamshika mkono kwa sauti.

"Kimbia mzee! Kimbia!"

"Kushoto! Kushoto kuna nyanya!"

"Kaza mzee, sekunde zinaisha!"

Alikanyaga nyanya. Lakini alifika, akaiweka namba, na watu wakampigia makofi ya kweli, si yale ya ukumbini. Kwa dakika ile moja nadhani walimpenda.

"Taja majina yako matatu," ikasema mashine.

Bwana Mkurugenzi alikuwa amejishika magoti, anahema. "A... Asu... ah... kile... Zab..."

Kumbe ndivyo anavyoitwa. Na nyuma ya magunia mtu akatoa sauti ndogo, kama aliyeunguzwa na ufuniko wa sufuria.

"Sauti hailingani na mhusika," ikasema mashine.

Akajaribu tena, pumzi zikamkatikia kwenye jina la pili. Mara ya tatu hasira zikampanda, akapiga kaunta ngumi: "Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Jina halijatambuliwa. Kadi imefungwa. Tafadhali kaa benchi."

Nje kulilipuka. Watu walipiga vigelegele, fundi cherehani akavua kofia akairusha juu, mama Frida akawa anajipigapiga mapaja. Aroni peke yake hakucheka. Akamsogelea Bwana Mkurugenzi, akamwonyesha nafasi.

"Mzee, kaa."

"Kijana, unajua mimi ni nani?"

"Ndicho tunachohakiki, mzee."

"Sedekia!"

Nikafika mbio. "Mheshimiwa, watumishi wa Kurugenzi hawaruhusiwi kudhamini. Kifungu cha kumi na nne. Saini ni yako." Nikaongeza, ili kumpa moyo, kwamba na lile la kukaa benchi lipo, kifungu cha kumi na tano, na kwamba kiberiti nimekitaja humo kama mfano. Alinitazama nikaona Daraja la Kwanza likigeuza gari na kurudi lilikotoka.

Akakaa. Kati ya mama Frida na mzee wa meno mapya.

"Ninaye ndugu hapa!" akasema, kwa kamera. "Mkwe wangu anaishi hapahapa Mlandege. Mke wa mwanangu Saulo. Ni mwalimu."

Vicheko vikakatika. Benchi zima, kwa pamoja, likageuza shingo kuelekea kwenye magunia.

"Mwalimu!" mama Frida akaita. "Mkweo anakutafuta!"

"Siwezi kutoka, mama," sauti ikasema kutoka kwenye mchele. "Si yupo hapo?"

Sasa hapa nitasema nilichokiona. Bwana Mkurugenzi alisimama kama aliyechomwa na siafu, akaligeuzia duka mgongo, akafunika uso kwa faili la zoezi. Cheo kilimtoka chote. Akabaki mzee wa Kinyakyusa aliyejikuta mlango mmoja na mkamwana wake.

Sikuwa na njia. Nilichukua mashine, nikaenda nayo mpaka kwenye magunia, nikaipenyeza juu.

"Mdhamini, taja majina matatu ya unayemdhamini," ikasema.

"Ni baba yake Saulo," akanong'ona.

"Jina halijatambuliwa."

"Ni babu yake Babu."

"Jina halijatambuliwa."

"Mwalimu," nikamwambia kwa sauti ya chini, "bado mara moja. Sema tu. Ukisema, na wewe nitakufungulia kadi. Kisuti utapata. Naapa."

Nilimsikia analia, na mtoto akicheka na punje za mchele. Halafu Bwana Mkurugenzi akazungumza, mgongo kwetu, kwa sauti ambayo ofisini hatujawahi kuisikia.

"Mwambieni asitaje. Jamani, mwambieni asinitaje. Mama yangu kule Tukuyu anasikiliza redio. Akisikia mkamwana kanitaja sokoni, nyumbani kwake sitakanyaga tena." Akalikaza faili usoni. "Na mwambieni... mwambieni ndaga, asante. Kwa kunistahi."

Waandishi hawakuandika hilo. Mmoja alikuwa anafuta miwani.

"Sedekia, shika kalamu," akaendelea. "Tamko. Kuanzia sasa mlipaji hatajitaja wala hatatajwa na mtu. Inatosha muuza duka awe anamjua. Weka muhuri."

Muhuri natembea nao mfukoni. Nikaupiga palepale juu ya gunia, nikaingiza kwenye mashine, ikawaka kijani, ikazifungua kadi zilizofungwa, ikauliza, "Muuza duka, unamjua mlipaji huyu?"

Hamza akakuna ndevu. "Kuna aliyetangulia kwenye foleni," akasema. Akaenda nyuma ya magunia, akachukua kadi ya mwalimu, akaichomeka. Hakufikiri hata kidogo. "Namjua. Anamfundisha Yasmini wangu kusoma. Mtoto wake anaitwa Babu, mume wake yuko Mafinga, na chai hanywi ikiwa na tangawizi. Namjua sana."

"Malipo yamekamilika."

Vigelegele hivyo! Mchele ukabebwa na vijana sita wakati wawili wangetosha. Kisuti kikafungwa kwenye mfuko, na mwalimu akatokea mlango wa nyuma, kanga usoni, anacheka na kulia, Babu akipunga mkono kwa watu asiowajua.

Sasa Hamza akachomeka kadi ya Bwana Mkurugenzi.

"Muuza duka, unamjua mlipaji huyu?"

Hamza akatoka mpaka mlangoni. Akamtazama usoni, akamtazama viatu vyenye nyanya. Tulingoja.

"Wallahi, simjui," akasema.

"Hamza! Nimesimama mbele yako asubuhi nzima!"

"Kukuona nimekuona, mzee. Kukujua bado."

Kisha adhana ikaita. Ilikuwa Ijumaa. Hamza akafunga duka, kadi ya Bwana Mkurugenzi ikiwa ndani, akaenda msikitini.

Waandishi wakapanda bodaboda. Halafu mama Frida akasogeza ungo, nusu kwenye mapaja yake, nusu kwenye mapaja ya Bwana Mkurugenzi.

"Kamwene, baba," akasema. "Chambua. Mawe weka huku. Hapa ndipo tunapojuana."

Akachambua. Mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa kubishana, baadaye nikamsikia anasimulia jinsi alivyochapwa utotoni kwa kuiba viazi, na benchi likashikilia mbavu. Mchana mtoto wa jirani akaleta sahani ya wali iliyofunikwa, akasema imetoka kwa mtu ambaye hawezi kuileta mwenyewe. Bwana Mkurugenzi akaila yote. Jioni Aroni akamruhusu akalale, na Jumamosi alirudi kabla Aroni hajafika, bila tai.

Saulo aliingia na lori mchana ule, akalitaja jina la baba yake kwa sauti mbele ya mashine. "Utaratibu huo umefutwa," ikamjibu. Basi ikabaki kwa Hamza. Alikuwa amemtazama mzee tangu asubuhi. Akachomeka kadi, na mashine ikauliza swali lake.

"Huyu?" akasema Hamza. "Huyu namjua. Anachambua maharage vibaya, mawe anaacha, maharage anatupa. Ni babu yake Babu."

"Malipo yamekamilika," ikasema mashine, na Bwana Mkurugenzi akaondoka na bidhaa aliyoichagua, ambayo ilikuwa kiberiti. Jumapili alikaa kanisani safu ya mbele upande wa wanaume, hakugeuka nyuma hata mara moja, na mtoto alipobebwa mbele na kisuti chake cheupe watu wanasema babu mtu alilia waziwazi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa na majukumu.

Kwa ufupi, zoezi limefanikiwa. Mlandege yote imethibitishwa. Anayesalia ni mlipaji mmoja tu, aliyefika dukani Jumamosi jioni, baada ya Bwana Mkurugenzi kuondoka, akitaka soda. Mashine ilimuuliza Hamza kama anamjua. Hamza alimtazama sana yule mlipaji, ambaye amefanya naye kazi juma zima, aliyemfungia mashine kwa mikono yake mwenyewe.

"Ungekuwa mtu wa kujulikana," akamwambia, "Jumanne ungeniacha nimpe mwalimu kisuti." Halafu akaiambia mashine, "Simjui."

Ndiyo maana naomba radhi kwa mwandiko wa taarifa hii. Naiandikia mapajani, na mama Frida kila mara anaisogeza pembeni ili aweke ungo.